Majuto ni Mjukuu: Malumbano ya Mashabiki wa Kandanda juu ya Maamuzi Mabaya ya Timu Zao, kutoka Bungu hadi Mkwakwani

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Kwa kawaida methali hiyo hutumiwa kumwonya mtu mmoja asiyesikia la mkuu, ili asije akavunjika guu. Lakini iko jamii moja pana ambayo imeifanya maana ya methali hiyo kuwa mada ya kila siku, nayo ni jamii ya mashabiki wa kandanda. Barazani, vijiweni na penye birika la kahawa, mashabiki wa timu moja huweza kukesha wakijadiliana ni uamuzi upi ulioiponza timu yao kuliko mwingine wowote: ni kufukuzwa kwa wachezaji gani, ni mgawanyiko upi, ni mechi ipi iliyosusiwa, ni kijana gani aliyeachwa aende zake. Kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu lina mwaka wake, jina lake na lawama yake.

Wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili wameshughulikia kwa kina ngano, nyimbo, methali na malumbano ya washairi. Malumbano ya mashabiki hayajapewa nafasi ya namna hiyo, yamkini kwa sababu huonekana kuwa ni soga za kupitisha wakati. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba soga hizo ni aina ya historia inayotungwa na umma. Ni historia yenye nguvu kubwa ya kuhifadhi kumbukumbu na kudai haki ya umiliki; na hapohapo ina udhaifu mmoja wa msingi, yaani mazoea ya kutafuta mkosaji mmoja na siku moja, hata pale ambapo kosa lilichukua miaka mingi kuiva. Mifano inatolewa katika historia ya soka ya Tanzania, na hasa katika mkoa wa Tanga, ambako mwaka 2016 uliacha jeraha lisilo na mfano.

Bungu na timu ya pwani

Bungu ni kata iliyoko katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Anayetoka huko kwenda Tanga mjini hushuka mlima hadi bonde la Mto Pangani, akafika Korogwe, kisha akashika njia ya Segera na Muheza hadi pwani. Upande wa kusini wa bonde hilo ni nchi ya Handeni. Ni eneo la wakulima, na wenyeji wake wengi ni Wasambaa na Wazigua. Halina klabu kongwe ya kandanda yenye sifa ya kitaifa. Swali la kwanza, basi, ni hili: mtu wa mlimani ana haki gani ya kujuta kwa ajili ya timu ya mjini?

Jibu limo katika historia ya mkoa wenyewe. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 katika utawala wa Wajerumani, ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka huohuo wa 1893 mkonge uliingizwa nchini na Richard Hindorf, na baada ya muda mashamba yake yakatanda pembezoni mwa reli. Kwa njia hiyo bandari, reli, mashamba na vijiji vya mlimani vilifungamana. Vijana walikwenda na kurudi. Na pamoja na mshahara, walirudi na habari za mjini, mitindo ya mjini na mapenzi ya timu za mjini. Baadaye redio ilikamilisha kazi hiyo. Matangazo ya mpira ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalimwezesha mkulima asiyewahi kuuona Uwanja wa Mkwakwani kujua nani alikosa penalti, na kumlaumu kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya lango.

Uhusiano huo umehifadhiwa pia katika lugha. Coastal Union, klabu ya Tanga mjini iliyoanzishwa mwaka 1948, hujulikana kwa lakabu ya Wagosi wa Kaya. Neno mgosi ni la lugha za bara la Tanga, Kisambaa, Kibondei na Kizigua, nalo lina maana ya mwanamume. Kaya ni nyumbani. Klabu yenye jina la Kiingereza, iliyozaliwa ufukweni, imebeba lakabu inayoeleweka vizuri zaidi kadiri mtu anavyopanda mlima. Lakabu hiyo ni kama hati ya umiliki ambayo haikuandikwa popote. Anayeitamka anasema kuwa timu ni ya nyumbani, na kwamba nyumbani ni zaidi ya mitaa ya mjini.

Makundi mawili: urithi wa beni

Desturi ya kugawanyika pande mbili na kulaumiana haikuletwa na kandanda. Kabla ya klabu za mpira kushamiri, miji ya pwani ilikuwa imeshazoea mashindano ya ngoma ya beni, ambayo historia yake imeandikwa na Terence Ranger katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Makundi makuu ya Marini na Arinoti yalishindana kwa mavazi, maandamano, vyeo vya kubuni na karamu. Marini walijihesabu kuwa ndio waungwana, ilhali Arinoti walihusishwa na wageni na vibarua kutoka bara. Katika mashindano hayo, kundi liliweza kujiingiza katika gharama kubwa kwa ajili ya sherehe moja. Na palipokuwa na gharama palikuwa pia na lawama juu ya viongozi walioidhinisha gharama hizo. Huko Zanzibar, Laura Fair ameonyesha katika utafiti alioutoa mwaka 2001 jinsi kandanda ilivyokuwa uwanja wa mitaa na matabaka kushindania heshima katika enzi ya ukoloni.

Kwa hiyo klabu za kandanda zilirithi muundo uliokwisha kuwapo: chama cha hiari chenye wanachama, wazee, kamati, mfadhili na mpinzani wa jadi. Tanga ilipata Coastal Union na African Sports, ambayo wafuasi wake hujiita Wana Kimanumanu. Dar es Salaam ilipata Young Africans, yaani Yanga, inayohesabu kuzaliwa kwake mwaka 1935, na klabu iliyozaliwa mwaka 1936 ambayo ilijulikana kwa muda mrefu kama Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Masimulizi ya pande zote mbili yanakubaliana kuwa Simba ilitokana na watu waliojitenga na wenzao wa Yanga. Yanatofautiana katika jambo moja tu: nani aliyekosea. Ni jambo la kutafakari kwamba uhasama mkubwa kuliko wote katika michezo ya nchi unaanza na simulizi ya uamuzi ambao, kwa maoni ya upande mmoja, haukupasa kufanywa.

Mgawanyiko wa 1976 na gharama zake

Miongoni mwa makosa yanayotajwa na mashabiki wa Yanga, mgogoro wa katikati ya miaka ya 1970 una nafasi ya pekee. Mwaka 1974 timu hiyo ilikuwa bingwa wa nchi baada ya kuifunga Simba mabao 2-1 katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Haikupita miaka miwili, klabu ikapasuka. Kumbukumbu za mashabiki zimehifadhi majina ya makundi yaliyovutana katika miaka hiyo: Kandambili na Raizoni. Kandambili ni malapa ya mtu wa kawaida. Raizoni ni viatu vya soli nene vilivyokuwa fahari ya watanashati wa wakati huo. Majina hayo yanaonyesha kwamba ugomvi haukuhesabiwa kuwa wa mpira peke yake. Ulieleweka kuwa ni ugomvi wa watu wenye nafasi na watu wasio nayo, kama vile Marini na Arinoti walivyoeleweka zamani. Mwisho wake ulikuwa kuondoka kwa kundi zima la wachezaji na wanachama na kuzaliwa kwa klabu ya Pan African mwaka 1976.

Yaliyofuata ni rahisi kuyahesabu. Simba ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 1976 hadi 1980. Tarehe 19 Julai 1977 iliifunga Yanga mabao 6-0, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu kati ya hayo. Yanga haikurudi kwenye ubingwa hadi mwaka 1981, na mwaka uliofuata Pan African wenyewe wakawa mabingwa. Shabiki anayesema kuwa mgawanyiko ule ndio uamuzi mbaya kuliko yote katika historia ya klabu yake hakosi ushahidi.

Hata hivyo mwanahistoria hana budi kuuliza: mbaya kwa nani? Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na Juma Pondamali, wote wachezaji wa Pan African, walikuwa nguzo za timu ya taifa iliyoshiriki fainali za Mataifa ya Afrika nchini Nigeria mwaka 1980, fainali ambazo Tanzania haikuzifikia tena hadi mwaka 2019. Mgawanyiko ulioiumiza klabu moja uliipa nchi klabu nyingine yenye uwezo. Vivyo hivyo mgawanyiko wa mwaka 1936: kama usingalitokea, pasingalikuwa na mechi ya watani wa jadi, wala malumbano yenyewe. Yapo majuto ambayo anayejuta hawezi kutamani yafutwe bila kujifuta na yeye mwenyewe.

Bahati mbaya, kosa na hujuma

Malumbano haya yana kanuni zake. Kanuni ya kwanza ni kutofautisha bahati mbaya na kosa. Mwaka 1969 Yanga ilitoka sare ya 1-1 mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana katika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, kisha ikaondolewa kwa kura. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya mashindano hayohayo, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Matukio hayo huhuzunisha, lakini hayahesabiwi kuwa majuto kamili, kwa sababu hayana mwamuzi wa kulaumiwa. Kura haina akili, na penalti haina kamati.

Fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 ni tofauti. Simba ilipata sare ya 0-0 ugenini dhidi ya Stella ya Abidjan, ikarudi nyumbani ikiwa inahitaji ushindi tu, ikafungwa mabao 2-0 mbele ya umati wake. Kwa kuwa nafasi ilikuwa mkononi, hasara hiyo imetafutiwa wahusika tangu siku ile: maandalizi, ahadi, furaha iliyotangulia ushindi. Kadiri kombe lilivyokuwa karibu, ndivyo kosa linavyotafutwa kwa bidii zaidi.

Kanuni ya pili ni kwamba uamuzi wa kususa huhukumiwa kwa ukali zaidi kuliko kushindwa. Mwezi Julai 2008 Yanga haikufika uwanjani kucheza na Simba mechi ya kutafuta mshindi wa tatu wa Kombe la Kagame, nayo ikaadhibiwa na CECAFA. Tarehe 8 Machi 2025 Simba nayo ilikataa kucheza na Yanga baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya siku iliyotangulia. Mechi iliahirishwa, na ilipochezwa hatimaye tarehe 25 Juni 2025 Yanga ilishinda mabao 2-0 na kutwaa ubingwa. Wapo waliotetea maamuzi hayo kwa hoja za haki na heshima, na hoja zao zina uzito. Lakini shabiki aliyesafiri kutoka Korogwe kwa nauli ya kuungaunga hupima susio kwa kipimo kingine. Timu inayofungwa imempa jambo la kusimulia. Timu isiyotokea imempa nauli iliyopotea.

Kanuni ya tatu ni hatari zaidi, nayo ni mwelekeo wa kuligeuza kosa kuwa hujuma. Mlinda lango aliyeteleza huambiwa kuwa alihongwa. Mwekahazina aliyekosa mahesabu huambiwa kuwa ametumwa na wapinzani. Tuhuma za namna hiyo huenda zikawa za kweli mara nyingine, lakini umaarufu wake hautegemei ukweli wake. Hujuma ni maelezo yanayofariji. Humwambia shabiki kwamba timu yake haikuwa dhaifu, na kwamba mtu mmoja akiondolewa mambo yote yatanyooka. Viongozi wengi wameondolewa kwa imani hiyo, na mambo hayakunyooka.

Msimu wa 2015/16: mkoa uliopoteza timu zote

Udhaifu wa kutafuta mkosaji mmoja unaonekana wazi katika yaliyoupata mkoa wa Tanga. Katika msimu wa 2015/16 mkoa huo ulikuwa na timu tatu kati ya 16 za Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo, timu ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa kilichoko Kabuku, Handeni. Hakuna mkoa nje ya Dar es Salaam ambao usingeitamani hali hiyo. Msimu ulipokwisha, timu zilizoshuka daraja zilikuwa tatu, na zote tatu zilikuwa za Tanga. Mji mmoja na wilaya jirani vilipoteza kwa mwaka mmoja kila kitu walichokuwa nacho katika ligi ya juu, na msimu uliofuata Mkwakwani haukuwa na mwenyeji wa Ligi Kuu.

Malumbano yaliyofuata yalikuwa na mashtaka ya kila aina. Kwa upande wa Coastal Union, wapo wanaorudi nyuma hadi mwaka 2013, klabu iliposajili wachezaji wenye majina makubwa waliopata kung'ara katika klabu za Dar es Salaam. Kwa hoja yao, fedha zilizotumika kununua umaarufu uliokwisha kukomaa zingalitumika kuwalea vijana wa mkoa wenyewe. Wengine huwalaumu viongozi kwa migogoro, wengine makocha waliobadilishwa, wengine utani wa jadi uliozifanya klabu mbili za mji mmoja zishindwe kusaidiana hata zilipokuwa zinazama pamoja.

Mashtaka hayo yanaweza kuwa na ukweli, lakini hayatoshi kueleza jambo moja: kwa nini timu tatu zenye viongozi tofauti, wachezaji tofauti na hata wamiliki wa aina tofauti zianguke mwaka mmoja? Klabu mbili zilikuwa za wanachama, ya tatu ilikuwa ya jeshi. Kosa la mwekahazina wa moja halikuweza kuishusha nyingine. Hapa ndipo inapolazimu kutazama mbali zaidi ya msimu mmoja.

Katika miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu cha zao hilo. Ushindani wa nyuzi za viwandani uliishusha bei. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 na usimamizi wake ukayumba. Na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Klabu ya wanachama huishi kwa michango, viingilio na wafadhili wa mahali ilipo. Mji unapopungukiwa na ajira, klabu hupungukiwa na vyote vitatu. Coastal Union ilipokuwa bingwa mwaka 1988, bado iliwezekana kwa klabu ya mkoani kutwaa taji: Mseto ya Morogoro ilifanya hivyo mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, na Mtibwa Sugar, yenye kiwanda cha sukari nyuma yake, mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo hadi mwaka 2025 ubingwa haukutoka Dar es Salaam: ulizunguka baina ya Simba na Yanga, isipokuwa mwaka 2014 ulipokwenda kwa Azam, klabu ya kampuni yenye makao Chamazi. Fedha zimehama, na mataji yamezifuata.

Lakini itakuwa kosa pia kuishia hapo na kusema kuwa mkonge ndio uliozishusha timu. Maelezo yanayoweka kila kitu mabegani mwa uchumi humwachilia huru kila kiongozi aliyepata kukaa kitini. Coastal Union ilirejea Ligi Kuu mwaka 2018 katika mji uleule na uchumi uleule. Tarehe 2 Julai 2022, mjini Arusha, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga; Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu, alifunga mabao matatu, mechi ikaisha kwa sare ya 3-3 na Yanga ikashinda kwa penalti. Katika msimu wa 2023/24 ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya mashindano ya Afrika. Matokeo hayo yanathibitisha kwamba uamuzi mzuri huleta tofauti hata katika hali ngumu. Pia yanaonyesha mpaka wake: katika majira yaleyale ya fainali ya Arusha, Sopu alijiunga na Azam. Mashabiki hujadili kama ilikuwa busara kumwachia. Swali lililo zito zaidi ni kama klabu ilikuwa na uwezo wa kumzuia. Uamuzi mbaya wa klabu maskini mara nyingi ni ule ambao klabu haikuwa na nafasi ya kuuamua.

Sarufi ya majuto

Kiswahili kina nyenzo maalumu kwa ajili ya mazungumzo haya. Viambishi -nge- na -ngali- humwezesha msemaji kujenga dunia ya pili kando ya dunia iliyopo. Katika sarufi ya Kiswahili sanifu, -nge- huachia mlango wazi kwa jambo linaloweza bado kutendeka, ilhali -ngali- huufunga mlango kwa jambo lililokwisha kupita. Katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi huvichanganya viambishi hivyo. Sentensi kama "tungalimbakisha yule kijana, tungalichukua kombe" ni dai la kihistoria lililokamilika: lina sababu, lina matokeo, na lina hukumu juu ya waliotenda vinginevyo.

Cha kuzingatiwa zaidi katika sentensi hiyo ni kiambishi cha nafsi. Shabiki wa Bungu hakuhudhuria kikao chochote cha usajili. Hakupiga kura, na pengine hana kadi ya uanachama. Hata hivyo husema "tungalimbakisha", wala hasemi "wangalimbakisha". Lugha ya klabu za Tanzania hutofautisha waziwazi mwanachama, mwenye kadi na kura, na shabiki au mpenzi, mwenye sauti tu. Katika ushindi wote husema "tumeshinda", na hilo halishangazi, kwa kuwa ushindi hauna mwenyewe. Ni katika majuto ambapo nafsi ya kwanza wingi hugharimu kitu, maana anayesema "tulikosea" anakubali sehemu ya aibu ambayo hakuna aliyemlazimisha kuibeba. Kukubali aibu ni njia ya kudai umiliki. Mtu hajuti kwa dhati juu ya mali ya jirani.

Jambo hili limepata uzito mpya tangu klabu kubwa zilipoanza kubadili mfumo wa uendeshaji. Mwezi Desemba 2017 wanachama wa Simba waliridhia mabadiliko yaliyomruhusu mwekezaji kupata asilimia 49 ya hisa, huku kanuni za nchi zikiwaachia wanachama asilimia 51. Yanga nayo ilifuata njia ya mabadiliko baadaye. Mfumo huo unaweza kuleta utulivu, lakini unaleta pia swali ambalo hesabu za hisa haziwezi kulijibu: asilimia ya shabiki wa mlimani iko wapi? Yeye hamo katika 49 wala katika 51. Hisa yake ni kumbukumbu, na mahali anapoitumia ni barazani.

Hitimisho

Klabu za kandanda za Tanzania hazina sifa ya kutunza nyaraka. Migawanyiko, kuhama kwa ofisi na ugomvi wa uongozi ni maadui wa kabati la mafaili. Sehemu kubwa ya historia ya klabu hizo imebaki katika magazeti ya zamani na katika vichwa vya watu waliokuwapo. Kwa sababu hiyo malumbano ya mashabiki hayapaswi kudharauliwa na mtafiti wa historia wala wa lugha. Ndani yake zimehifadhiwa tarehe, majina ya makundi, lakabu na hoja ambazo kumbukumbu rasmi hazikuona haja ya kuziandika. Anayetaka kujua kwa nini watu wa miaka ya 1970 waliitana Kandambili na Raizoni hana budi kuketi na wazee wa klabu, tena mapema.

Hata hivyo kuketi nao si kukubali kila wasemalo. Baraza ni mahakama yenye mashahidi wengi na haraka ya kuhukumu. Ikiachwa peke yake, itaendelea kumtafuta mtu mmoja wa mwaka 2016 wa kubebeshwa anguko la timu tatu. Na ikimpata, itaridhika, nayo timu zitabaki na udhaifu uleule. Mwanahistoria akiachwa peke yake ataeleza bei ya mkonge, haki za matangazo na uhamaji wa mitaji kwa ukamilifu kiasi kwamba hapatakuwa na mtu aliyewahi kukosea. Shabiki anakumbusha kuwa palikuwa na kikao, palikuwa na watu, na palikuwa na njia nyingine. Mwanahistoria anakumbusha kuwa njia hiyo nyingine ilikuwa nyembamba, na anaeleza nani aliyeifanya kuwa nyembamba.

Mjukuu wa methali huja kinyume, baada ya mambo kwisha kuharibika. Lakini mjukuu si wa kufukuzwa. Hulelewa, hupewa jina, naye siku moja huwa mkubwa na kuuliza maswali ambayo babu hakupenda kuulizwa. Mashabiki wa Tanga, wa mjini, wa Handeni na wa milimani, wamemlea mjukuu wao tangu mwaka 2016. Swali analouliza ni lilelile ambalo kamati yoyote ya klabu ingefaa ilisikie kabla ya kutia saini: uamuzi huu unafanywa kwa ajili ya nani, na ni nani atakayebaki akiujutia wakati waliouamua wamekwisha kuondoka?